Jinsi ya kuchora neva ya taya la chini kwenye CBCT kabla hujaweka implanti

Haya madokta wenzangu karibuni. CBCT ni ile eksirei ya 3D ya taya, na implanti ni ile skrubu inayopandwa kwenye mfupa kushika jino bandia. Leo tunachora neva ya taya la chini, ile inayopita ndani ya mfupa ikibeba hisia za meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu, ukiigusa na drili mgonjwa anaweza kukaa na ganzi miezi kadhaa na wengine haiishi kabisa, anakunywa chai inamchuruzika kidevuni wala hasikii. Kwa hiyo taratibu.

Mimi natumia Blue Sky Plan maana kuipakua ni bure, ila programu yoyote ya implanti inayosoma faili za DICOM, yaani faili za picha za kitabibu, inaenda hivi hivi, vitufe tu ndo viko sehemu tofauti. Fungua folda ya picha, hakikisha jina la mgonjwa, na kumbuka kulia kwa mgonjwa kuko kushoto kwa skrini yako.

Sasa nyoosha taya. Zungusha picha mpaka ukingo wa chini wa taya ulale sawa, ukiacha limeinama vipande, yaani zile picha za mkato wa taya, vitakatwa mshazari na urefu wa mfupa utausoma mkubwa kuliko ulivyo. Alafu kwenye picha ya kutoka juu, bofya katikati ya meno kuanzia gego la mwisho upande mmoja mpaka upande wa pili, ule upinde ukikamilika programu inakutengenezea panorama, yaani picha bapa ya taya lote, pamoja na vipande vya wima. Weka milimita 1 kati ya kipande na kipande.

Watu wengi hapa wanaanza kuchora katikati. Usifanye hivo, anza na milango miwili. Mlango wa mbele ni kile kitundu cha kidevuni, mara nyingi kiko chini ya premola ya pili au kati ya premola mbili (yale meno mawili yaliyo kati ya chonge na magego), tembeza vipande mpaka uone ukuta wa nje wa mfupa umekatika, weka nukta. Mlango wa nyuma uko upande wa ndani wa lile tawi la taya linalopanda juu, hapo neva ndo inaingia, weka nukta ya pili.

Toka nyuma uje mbele, kipande kwa kipande. Kwenye magego mfereji unaobeba neva mara nyingi umeegemea upande wa ulimi, ukikaribia premola unahamia upande wa shavu. Saa ingine kuta zake zinapotea kabisa hasa chini ya magego, na hapa ndo pagumu, unaona vitobo vya mfupa vingi na kila kimoja kinafanana na mfereji. Usibahatishe. Rudi kwenye kipande cha mwisho ulichoona vizuri, nenda mbele mpaka uuone tena, badilisha mwanga, ongeza unene wa kipande, ndo uunganishe. Kile kitufe cha kuchora yenyewe sikiamini, kinapita popote penye giza. Na angalia kama mfereji umegawanyika mara mbili, ipo hiyo.

Ukifika kitundu cha kidevuni usisimame, chungulia mbele yake maana neva inaweza kupitiliza milimita chache alafu ikarudi nyuma kutokea, na kama unaweka implanti mbele ya hapo ile sehemu ya neva inayorudi ndo itakuumiza.

Sasa pima. Huyu mgonjwa wetu wa mfano, gego la kwanza kushoto, toka juu ya mfupa mpaka paa la mfereji ni milimita 13. Toa 2 za usalama, zinabaki 11, alafu kumbuka ncha ya drili kwa baadhi ya kampuni inazidi alama kwa karibu milimita 1, kwa hiyo nachagua implanti ya 10. Na anza kupimia pale mfupa ulipo mpana, kile kilele chembamba utakisawazisha. Angalia pia lile bonde upande wa ulimi, ukitobolea huko unakutana na mishipa ya damu, damu inajaa chini ya ulimi na mgonjwa anaweza kushindwa kupumua.

Kabla ya kusevu ficha mstari wako wote, upitie tena vipande bila rangi, kisha urudishe uone kama bado mnakubaliana. Na neva ya ulimi usiitafute humu, CBCT haiioneshi, kwa hiyo ukifungua fizi kwenye gego la mwisho chale yako ielekee upande wa shavu.