Mjeledi Mkononi mwa Adili

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: mwangaluka.

Nimesomesha fasihi hapa Tabora miaka mingi, na kwa miaka hiyo nilikosea jambo moja. Nilikuwa naugawa ubao kwa mstari wa chaki: kushoto wahusika wema, kulia waovu. Tulipofika kwenye Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kazi ilionekana nyepesi kuliko zote, maana mwandishi ameshawapa majina yao: Adili huku, Hasidi na Mwivu kule. Siku moja binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mjeledi tuuandike upande gani?"

Nilibaki na chaki mkononi.

Mnalikumbuka tukio lenyewe. Usiku, watu wamelala, Adili mtawala wa Janibu anawaendea manyani wawili na kuwacharaza mjeledi. Akimaliza anawabembeleza na kuwalisha, machozi yakimtoka. Manyani wale ni nduguze, waliomtosa baharini kwa husuda, na jini Huria ndiye aliyewageuza. Amri ya kuwapiga kila usiku ni ya Huria pia. Nakubali. Lakini mkono ni wa nani? Tumezoea kufundisha kwamba Adili ni mhusika bapa, mwema mwanzo hadi mwisho. Mimi siamini tena. Usiku ule Shaaban Robert ametuonyesha mtu mwema akifanya kitendo cha kikatili, akijua kwamba ni cha kikatili, na kesho yake usiku anarudia. Sijui ukurasa mwingine katika fasihi yetu unaoniumiza kama huo.

Mskoti Robert Louis Stevenson alitoa hadithi yake ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde, iliyotokea London, mwaka 1886. Daktari Jekyll anakunywa dawa ili amtenge mwovu aliyemo ndani mwake, hadi chumvi ya ile dawa inamwishia na kurudi hawezi. Wengi wanaisoma kama habari ya watu wawili. Mimi naiona ni ya mtu mmoja aliyeutaka ule mstari wangu wa chaki.

Ila sisi hatuna haja ya kwenda London. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, familia yake ilikuwa na makazi hapa Unyanyembe. Aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, yakachapishwa Ujerumani kabla hajafariki mwaka 1905. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, akapata pembe na mateka. Mwaka huohuo akakutana na Livingstone, mzungu aliyeishiwa, akamkirimu. Livingstone aliyeilaani biashara ya watumwa akala chakula cha mfanyabiashara huyo, na kilikuwa chakula cha ukarimu wa kweli.

Kwamba mtu mmoja alikuwa mkarimu na katili, hilo halinishtui. Kinachonikosesha usingizi ni sauti yake. Pembe anazihesabu kwa frasila, kwa umakini wa mwenye duka, na wengi wa waliozibeba wanapita bila jina. Nimekisoma kitabu kile mara tatu nikitafuta mahali anapojuta. Sijapaona. Adili analia, huyu anapiga hesabu. Na nasema haya nikijua kwamba ukumbini humu wamo wajukuu wa wapagazi waliokwenda kwa ujira na wajukuu wa waliofungwa minyororo, na huenda mtu mmoja akawa wa pande zote mbili.

Yule binti sikumjibu siku ile, na aliondoka shuleni kabla sijapata jibu. Tangu hapo ubaoni sichori mstari. Naandika tendo, kisha nawauliza wanafunzi mkono ni wa nani, na mwenye mkono alijisikiaje.

Nimekuja na nakala yangu, imechakaa lakini inasomeka. Mwanangu uliyekaa karibu na dirisha, njoo utusomee usiku ule wa manyani. Ukifika pale anapouweka mjeledi chini, soma polepole.