Mbuzi kwenye kompyuta ya mkunga

KASSIM: Karibuni tena. Zuhura leo kaja kanuna, sababu naijua, ila nataka aiseme mwenyewe.

ZUHURA: Wametuwekea vikumbusho vya chanjo kwenye kompyuta ya kliniki. Niko na mama, mimba ya wiki 28, nasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Chumba kimya. Mara, meee!

KASSIM: Meee?

ZUHURA: Mlio wa mbuzi, Kassim! Mama kainuka kitandani: "Nani kaingia na mbuzi?"

KASSIM: (anacheka) Sasa mbuzi kamkumbusha nani, wewe au yeye?

ZUHURA: Sote. Maana tukazungumza kweli. Nikamweleza kifaduro, kwamba mtoto chanjo yake inaanza akiwa na wiki 6 hivi, na kabla ya hapo ndipo ugonjwa unapokuwa hatari zaidi. Mama akichanjwa, kingamwili zinapita kwenye kondo, mtoto anazaliwa nazo. Akaniuliza, "Si nilichanjwa mimba iliyopita?" Nikamwambia zinapungua, mama, ndiyo maana kila mimba na yake.

KASSIM: Basi mbuzi kachapa kazi!

ZUHURA: Asubuhi. Kufika jioni kalia hadi masikio yamemzoea. Watu wanabonyeza "Tumejadili" wala hawainui macho.

KASSIM: Ndiyo maana mimi ningelifunga faili. Hujaandika mama kajibu nini, hutoki ukurasa huo.

ZUHURA: Yaani umfunge mbuzi mlangoni! Mama presha imepanda, mimi nahangaika na kisanduku?

KASSIM: Dharura ipewe njia yake. Lakini hii chanjo ina dirisha. Marekani wanashauri wiki 27 hadi 36, na mwili unahitaji kama wiki 2 kutengeneza hizo kingamwili. Ukisema "akirudi nitamwambia", anarudi na wiki 38.

ZUHURA: Hilo sibishi. Nabisha kulazimishwa. Utapata alama ya vema, mazungumzo huyapati. Mama mwenye wasiwasi anataka nimtazame yeye. Kinikumbushe kabla hajaingia, nijipange.

KASSIM: Akishaingia na maumivu yake ya mgongo, utasahau.

ZUHURA: Sisahau.

KASSIM: Kompyuta inasema mnasahau.

ZUHURA: Shahidi wako ni mbuzi?

KASSIM: Mlio unabadilishwa kwenye mipangilio, dada.

ZUHURA: Nimebadilisha. Kaja jogoo.

KASSIM: (anakohoa kwa kicheko) Jamani… ngoja. Tulipanga namna ya kuanza maongezi, RSV, vile virusi vya njia ya hewa, mafua…

ZUHURA: Muda umekwisha, fundi anatuonyesha saa. Ya mafua wajue tu haingoji miezi mitatu ya mwisho, mimba hata ikiwa changa mama anachomwa.

KASSIM: Mengine wiki ijayo. Na faili lifungwe.

ZUHURA: Lisifungwe. Zima maikrofoni.