Dagaa Wetu Wanaharibikia Mwaloni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitika mwito. Nimeombwa nizungumzie maliasili za Kanda ya Ziwa. Ningeweza kuanza na dhahabu ya Geita, au pamba iliyovipa nguvu vyama vya ushirika vya Usukumani miaka ya 1950. Hizo zina wasemaji wengi. Mimi leo nataka tukae na dagaa.

Sangara tunamjua. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri hapa Mwanza. Huyo anawekwa barafu, anapimwa, anakaguliwa. Ulaya ilipomfungia soko mwaka 1999, nchi nzima ilishtuka. Siku hizi hata bondo lake, yaani kibofu chake cha hewa, lina mnunuzi anayelisubiri. Dagaa wakiharibika, nani anashtuka?

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika. Kukipambazuka akina mama wananunua kwa ndoo mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na kuanzia hapo hasara yote ni yao. Nendeni Igombe au Kayenze asubuhi mkajionee: dagaa wametandazwa mchangani, kuku wanapita juu yao, mama ameinama anawageuza huku jicho moja liko kwenye wingu linalopanda kutoka ziwani. Mvua ikiwakuta hawajakauka, wanabadilika rangi, wananuka, na chakula cha binadamu kinauzwa kwa bei ya kutupa kikatengenezwe chakula cha kuku.

Dawa yake si mashine kubwa. Ni kichanja: nguzo za miti, usawa wa kiuno, juu umetandikwa wavu. Maji yanachuruzika, upepo unapita juu na chini, na mvua ikija turubai linafunika. Dagaa wa kichanja hana mchanga, anang'aa kama shilingi mpya, na wafanyabiashara wanaopeleka mzigo Kongo kutoka soko la Mwaloni Kirumba wanamtambua kwa kumshika tu.

Mbona basi vichanja ni vichache? Nasikia ikisemwa kwamba akina mama hawataki kubadilika. Sikubali hata kidogo! Wengi wanakausha kwenye eneo la mtu. Leo mama yupo, kesho anaambiwa apishe. Nani atachimbia nguzo mahali asipo na uhakika napo? Ndiyo maana semina za ukaushaji zinapita na mchanga unabaki palepale.

Halmashauri zinakusanya ushuru kwenye mialo hii. Zitenge eneo la kukaushia, lipimwe, na vikundi vya akina mama wapewe kwa maandishi, siyo kwa mdomo wa mwenyekiti.

Viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi kwenye mialo, mliomo humu, nawaomba mkirudi mwandike: mwalo wako una wakaushaji wangapi, wanakausha wapi, na eneo hilo ni la nani. Orodha mkabidhini ofisa uvuvi kabla masika hayajaanza, muda ambao nguzo bado zinaweza kusimikwa kwenye ardhi kavu.