Tovuti Yako Imepita Kwenye Mizani?

Hamjambo wote. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Nyie mliosimama kule nyuma karibuni, viti vipo na havina kodi.

Nimeombwa niwaonyeshe kazi za tovuti nilizowafanyia wateja tangu nianze kujitegemea. Walionisikia Arusha wanajua ninachokuja kusema, na mmoja wao nimeshamwona anatabasamu. Tabasamu tu, kaka. Nitasema tena, kwa sababu jana usiku nilifungua kazi mlizonitumia, na moja imekula MB 40 kabla sijaona hata jina la kampuni. MB arobaini! Bando langu mwenyewe, nimenunua kwa pesa yangu.

HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za wavuti, ni nini, nani alianzisha, nayaruka. Mnayajua kuliko mimi.

Kazi ninayoanza nayo siku zote ni ya kampuni moja ya hapa Moshi inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Jina silitaji, mwenyewe ni mama asiyependa kutajwatajwa. Tovuti alikuwa nayo tayari, na ilikuwa nzuri kweli. Ukiifungua ofisini kwake, kwenye skrini kubwa, inakuja video ya mawingu yanapita chini ya Kibo, halafu juu pale picha nane zinapokezana: Horombo, ukuta wa Barranco, wapagazi wanaimba, mgeni analia kileleni. Mama shida yake ilikuwa moja. "Mwanangu, watu wanapiga simu kuuliza bei, na bei tumeandika. Kwani siku hizi hawasomi?"

Wanasoma. Hawakufika kwenye bei, ndiyo tatizo. Bei imekaa chini ya video, chini ya picha nane.

Nikaomba simu ya kijana wake wa mapokezi, simu ya kawaida, kioo kina ufa kama za wengi wenu humu. Tukazima Wi-Fi, tukafungua. Tukasubiri. Mama akaagiza chai. Chai ikafika, Kibo bado.

Sasa hesabu, na hii naomba muiandike. Zile picha zilitoka kwenye kamera ya mpiga picha moja kwa moja: pikseli, yaani vile vitone vinavyounda picha, 6000 kwa 4000. Hizo ni pikseli milioni 24. Faili likiwa limebanwa lina kama MB 8, na hapo wengi mnaishia, mnasema "MB 8 siyo mbaya sana." Lakini brauza, ile programu inayofungua tovuti, haichori kitu kilichobanwa. Lazima ikikunjue kwanza, na ikikikunjua kwa ukubwa wake wote kila pikseli inachukua baiti 4 za RAM, kumbukumbu ambayo simu inaitumia ikiwa kazini. Milioni 24 mara 4: MB 96. Picha moja! Ziwe nane, MB 768. Simu ina RAM ya GB 2, na hapo hujatoa inayotumiwa na mfumo wa simu wenyewe, na WhatsApp, na miziki yake. Ndiyo maana ukurasa unaganda, au unajifunga na kuanza upya, na mtu analaumu mtandao. Kampuni za simu zina dhambi zao nyingi, lakini hii msiwabambikie.

Halafu kioo chenyewe kina upana wa pikseli 720. Unaleta 6000 kwenye nafasi ya 720. Punguza picha ifike upana huo, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha ambayo Google waliitangaza tangu 2010 kwa hiyo asiniambie mtu ni kitu kipya, na mara nyingi utashuka chini ya KB 100. Weka mbili pembeni kwa pembeni kwenye simu ile ile uniambie ipi ni ipi.

Mama hesabu za RAM hazikumwingia, na hakuwa na sababu ya kuzijua. Nikamuuliza: pale geti la Machame, mzigo wa mpagazi ukizidi kilo 20 kwenye mizani, unafanyaje? Akasema, "Si unapunguzwa, hata kama mgeni ananuna." Basi tovuti yako haijawahi kupita kwenye mizani, mgeni wako ndiye anabeba. Hapo akacheka, akasema haya, punguza.

Tukapunguza. Video haikutupwa, tuliihamishia kwenye ukurasa wake na kitufe, anayeitaka aibonyeze mwenyewe. Juu ikabaki picha moja. Chini yake njia na bei: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, siku ngapi, dola ngapi, nini kimo na nini hakimo. Simu za kuuliza bei zikapungua, zikaanza kuingia za kuuliza tarehe. Kwa mfanyabiashara hizo ni simu mbili tofauti kabisa.

Naona mkono pale. Najua unachotaka kusema, nimeulizwa kila mahali: "Dada, wageni wake wako Ujerumani na Marekani, wana intaneti kali, bando letu linawahusu nini?" Swali zuri, na limewapotosha wengi. Kwanza, Mjerumani naye anafungua akiwa kwenye treni. Pili, na hili mama mwenyewe ndiye alinifundisha, mgeni huyo huyo kesho yuko hapa mjini. Ameshuka mlimani, miguu inauma, ana siku moja mkononi kabla ya ndege. Amekaa hosteli na wenzake ishirini kwenye Wi-Fi moja, anatafuta nani atampeleka maporomoko ya Materuni au kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka. Anafungua kampuni tatu. Inayofunguka kwanza ndiyo anayoiandikia. Hiyo pesa ni ya siku hiyo hiyo, haina wakala wa katikati, na wewe umeizuia kwa video ya mawingu!

Tatu, Google wenyewe wanapima. Kile kitu kikubwa kabisa kwenye sehemu ya kwanza ya ukurasa kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na wanaangalia kama robo tatu ya ziara zinafikia hapo. Hawapimi laptopu yako. Wanapima simu za watu halisi.

Kuna mtego mmoja hapo, na nimeukuta kwenye kazi zenu nyingi. Mmesikia kwamba ile amri ya kuchelewesha picha, loading="lazy", inaokoa bando, mkaibandika kwenye kila picha, hadi ile ya juu kabisa. Ile ya juu ndiyo mgeni anaisubiri! Unaiambia brauza ichelewe kuleta kitu cha kwanza kuonekana. Lazy ni kwa picha za chini, ambazo mtu hajazifikia. Ya juu iache ije mbio, na kila picha iandikie width na height yake, ili maandishi yasiruke mtu anapotaka kubonyeza. Umewahi kulenga "Wasiliana nasi" ukabonyeza "Futa"? Basi. Na srcset jifunzeni leo usiku, siyo ngumu: unaandaa picha moja kwa ukubwa mitatu au minne, simu inachagua inayoitosha.

"Dada, siku hizi tunatumia React." Sawa, tumieni. React, zana ya kujengea kurasa kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na brauza, imetoka Facebook, wakaiachia watu wote mwaka 2013, na kwa kazi yake ni chombo kizuri. Lakini tovuti ya kurasa tano, njia, bei, picha, namba ya simu, kuhusu sisi, unaipakiza JavaScript ya programu ya benki ya nini? Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule wa CERN wa Tim Berners-Lee, ni maandishi matupu na linki, na nakala yake inafunguka mpaka leo. Fungueni mkitoka hapa. Halafu fungueni kazi ya mwenzenu mmoja humu, simtaji, ambayo ukizima JavaScript inabaki nyeupe pepepe, hata jina la hoteli halipo.

Muda. Naambiwa muda. Kazi nyingine nitazipitisha haraka.

Hoteli ya Arusha, Njiro. Maandishi meupe juu ya picha ya mashuka meupe. Mbunifu ananiambia ni ya kisasa. Kuna kipimo cha kimataifa, maandishi ya kawaida yatofautiane na kilicho nyuma yake angalau 4.5 kwa 1. Usipokiamini, toka nje saa saba mchana uisomee pale mnara wa saa, jua la utosini. Tukaweka kivuli cheusi nyuma ya maandishi, mambo yakaisha. Ile bili niliionea haya hata mimi, kazi ya mistari miwili.

Chama cha wakulima wa kahawa. Bei ya msimu walikuwa wanaiweka kama picha ya karatasi iliyopigwa mhuri. Picha! Huwezi kuitafuta Google, mzee mwenye miwani haikuzi ikasomeka, na asiyeona simu yake haiwezi kumsomea. Tukaandika jedwali la kawaida la HTML, mhuri wakabaki nao ofisini.

Shule moja: wazazi hawajazi fomu ya maswali kumi na nne, wanapiga simu. Namba ikawekwa kama linki ya tel:, mtu anagusa inapiga. Fomu tukaiacha na maswali matatu.

Domeini, yaani anwani ya tovuti: andikisha kwa jina la mteja. Siyo jina lako, siyo barua pepe yako. Nina maneno mengi hapa na mengine siyo ya kusema mbele ya wazee, tuyaache. Malipo ya awali pia tuyaache, mtanisikiliza mkishaumia.

Ila hili la mwisho silirushi. Mnaniuliza mbona nusu ya linki za kazi zangu za zamani hazifungui. Mteja hakulipia hostingi, pale tovuti inapohifadhiwa, mwingine amefunga biashara, mwingine mpwa wake amemtengenezea nyingine bure. Ndivyo kazi za wateja zilivyo, tovuti siyo nyumba yako. Siku ya kukabidhi piga skrinishoti kwenye simu, siyo kwenye laptopu, na chini yake andika: ilikuwa MB ngapi, imekuwa MB ngapi, mteja alilalamika nini na baadaye kikawa nini. Mimi hivyo ndivyo ninavyoonyesha kazi zangu, na wateja wapya wanasoma hiyo mistari kabla hawajaangalia rangi. Wengi wenu mmeniletea rangi tupu.

Haya, toeni simu. Zimeni Wi-Fi ya ukumbi, wote, nawe kaka uliyekuwa unatabasamu. Tunaanza na tovuti yako.