Trei za mayai hazizuii kelele: najibu swali mnaloniuliza kila wiki

Assalaam aleykum ndugu zangu, hamjambo. Wakubwa zangu shikamooni. Leo nilitaka kuendelea na ile video ya kodi ya mapato, lakini nimefungua maoni asubuhi nikakuta swali lile lile: "Dada, mbona unaongea kama unamnong'oneza mtu? Si ubandike trei za mayai ukutani uongee kwa raha?" Mwingine ameandika, "Ulaya yote hiyo unashindwa kuziba ukuta?" Na yupo mmoja, huyu ameniuma kweli, amesema natafuta huruma ya watu huku nalala kwenye nyumba yenye hita.

Naomba nijibu leo nimalize. Sijisifu kwa nyumba, nyumba yenyewe nimepanga. Wala sililii maisha ya huku, nilikuja kwa miguu yangu na kazi ninayo. Nieleze tu kilichonitokea, kwa sababu najua wengi mnaouliza mna studio zenu za chumbani, mna makanisa yaliyobanana na nyumba za watu, mna wapangaji upande wa pili wa ukuta. Msipoteze hela kama nilivyopoteza mimi.

Naishi Leipzig, Ujerumani, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba iliyojengwa 1908. Kuta zake za nje ni tofali nene, hizo hazina neno. Shida ni dari. Nyumba za umri huu hapa mara nyingi hazina zege kati ya ghorofa na ghorofa. Ni mihimili ya mbao, juu yake mbao za sakafu, chini yake dari ya plasta, na katikati wamejaza kifusi, mchanga na majivu ya makaa. Mhimili unaobeba sakafu ya jirani wa juu ndio huo huo unaobeba dari yangu. Mtoto wake akiruka kule, kishindo kinateremka kwenye mti mpaka kitandani kwangu.

Na mimi nahudumia wazee, zamu nyingi ni za usiku. Nafika nyumbani saa 1 asubuhi, saa 2 nimelala, saa 3 mtoto anaanza kukimbia ukumbini. Msiniambie nikashtaki. Mahakama za hapa zimeshasema mara nyingi kwamba kelele za kawaida za mtoto ni maisha, majirani wavumilie. Nami nakubali. Mtoto ni mtoto.

Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa kelele ya mtu mwingine. Jumamosi moja nilikuwa na wageni wa Jumapili, natwanga kitunguu thomu na binzari nyembamba za pilau kwenye kinu changu cha mti, kile nilichotoka nacho Tanga kimefungwa kwenye khanga. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya kampuni inayosimamia nyumba. Imeandikwa tarehe, imeandikwa "saa 4:07 usiku, vishindo, dakika 6", chini yake siku nyingine tatu na saa zake. Jirani wa chini alikuwa anaandika daftari. Huku ndivyo inavyotakiwa, ukitaka malalamiko yako yasikilizwe uweke kumbukumbu ya kelele, siku, saa, aina na muda. Utulivu wa usiku ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili kutwa. Barua ya onyo ikijirudia, mkataba wako wa kupanga unaweza kuvunjwa.

Sheria sina ugomvi nayo, nilipitisha muda nakubali. Kilichonichoma ni kwamba mama yule nilimsalimia kwenye ngazi kila siku kwa miaka miwili. Angebisha hodi. Angesema, "Binti, kinu chako kinanitikisa." Kwetu jirani angeita kupitia ukutani, ningenyamaza papo hapo na kesho yake ningempelekea sahani. Nililia siku ile, sioni haya kusema. Kinu siku hizi nakiweka juu ya kile kipande kizito cha mpira cha mashine ya kufulia, juu yake taulo lililokunjwa mara nne, na natwanga mchana. Hajaandika tena.

Sasa turudi kwenye trei. Mimi sikuweka trei, nilifanya lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Niliagiza masponji meusi yenye meno, mnayoyaona kwenye studio za watu, euro 180. Nikabandika ukuta mzima wa upande wa jirani mwenye televisheni. Usiku ule nikakaa kitandani nasikiliza: taarifa ya habari yake neno kwa neno. Kilichobadilika ni sauti yangu mwenyewe ndani ya chumba, ule mwangwi ulipungua. Kwenye simu nikasikika vizuri. Lakini ya jirani ilipita kama ukuta mtupu.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu, fundi wa jipsamu hapa Leipzig. Alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Dada, hii sponji ni nyepesi kama mkate. Sauti inataka uzito." Akashika sponji, akaliweka mdomoni, akapuliza pumzi ikatoka upande wa pili. "Pumzi inapita, na sauti inapita."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna kazi mbili ambazo tunazichanganya. Ya kwanza ni kutuliza mwangwi ndani ya chumba chako. Sponji, mapazia mazito, zulia, godoro, kabati la nguo lililojaa, vyote vinasaidia. Trei za mayai kidogo sana, tena ni karatasi kavu, ikishika moto chumba chote kimekwenda, msibandike. Ya pili ni kuzuia sauti isivuke kwenda au kuja. Hiyo inataka uzito, inataka pande mbili zisishikane, na inataka pasiwe na tundu. Ukuta mmoja ukiuongeza uzito mara mbili, sauti inayovuka inapungua kwa hesabu desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Na sikio la mtu linahitaji desibeli 10 zipungue ndipo liseme kelele imebaki nusu. Kwa hiyo kuongeza plasta sentimita moja juu ya tofali utatoa hela na hutasikia tofauti.

Njia yenye unafuu ni kusimamisha ukuta wa pili mbele ya ule wa kwanza, bila kuugusa. Tulifanya hivi. Fremu za bati za milimita 50, zimesimama sentimita mbili kutoka ukuta wa zamani, hakuna skrubu hata moja iliyoingia ule ukuta. Chini, juu na ubavuni, kila fremu inapogusa nyumba, kuna utepe wa sponji ngumu kama mpira. Ndani tukajaza ile pamba nzito ya mawe yaliyoyeyushwa, haikushindiliwa, imekaa tu. Mbele tabaka mbili za bodi za jipsamu, moja imefunika nyingine, viungo visikutane. Kisha pembezoni kote tukaacha nafasi ndogo tukaijaza gundi laini ya akriliki inayobaki kunyumbuka. Hii ya mwisho ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayoharibu kazi. Soketi za umeme zilizopeana mgongo pande mbili za ukuta, tundu la bomba, mwanya chini ya mlango, sauti haihitaji zaidi ya hapo.

Kubeba sasa. Jipsamu nzito, mita 2 kwa 1.25, moja ina kilo 32, nyumba haina lifti. Ukuta wangu ni mita za mraba 11, kwa hiyo jipsamu peke yake zilikaribia kilo 300. Kwenye sakafu ya mbao ya 1908 huo si uzito wa kuweka bila kuuliza.

Na kuuliza ndiko kulikonizeesha. Mpangaji hapa hajengi ukuta bila ruhusa ya maandishi. Niliandika barua, nikajibiwa nilete mchoro. Nikaleta mchoro, nikaambiwa uzito haujaandikwa. Nikaandika uzito, mtu aliyeshika faili yangu akaenda likizo wiki tatu, aliyebaki akasema faili haioni. Nikaanza upya. Wiki 11. Ruhusa ilipokuja ilikuwa na kifungu: siku ninayohama naondoa kila kitu na kurudisha ukuta ulivyokuwa, kwa gharama yangu. Nisipofanya, wanakata kwenye amana, na amana yangu ni kodi ya miezi mitatu bila gharama za hita, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria.

Kuna aliyeandika, "Si umdai mwenye nyumba akuwekee yeye?" Niliuliza chama cha wapangaji. Nyumba hupimwa kwa kiwango cha wakati ilipojengwa, si cha leo. Kiwango cha sasa cha sauti kwenye majengo, kinaitwa DIN 4109, kinahusu nyumba mpya. Ya 1908 mwenye nyumba hana deni nawe, isipokuwa ameibomoa akaijenga upya kwa kiasi kikubwa.

Vifaa vilinigharimu euro 640, fundi akanifanyia kwa bei ya ndugu, euro 400 siku mbili. Nasema hizi namba nikijua nitakavyosomwa. Mwezi ule ule kulikuwa na mchango wa harusi nyumbani, nikatoa pungufu, na mtu wa damu yangu akaandika kwenye kundi la familia kwamba "mwenzetu anajenga studio". Sikujenga studio. Nilikuwa nimelala saa nne kwa siku kwa muda wa mwaka na nusu, na kazini nainua wazee wa watu. Siku nilipokosea dozi na mwenzangu akaigundua kabla sijaitoa, ndiyo siku nilipoamua. Mchango uliobaki nilimaliza kuutoa Machi, risiti ninazo.

Matokeo? Televisheni imekwisha. Maneno yamekwisha. Nasikia tu kama mtu anavuta kiti mbali. Lakini vishindo vya juu vilibaki vile vile, tena mwanzoni niliviona vikubwa kuliko zamani, kwa sababu ile kelele nyingine iliyokuwa inavifunika imeondoka. Kishindo hakiji kwa hewa, kinakuja kwa mwili wa nyumba, kinateremka hata kwenye kuta za pembeni. Dari ya pili ingesaidia kiasi, ile inayoning'inia kwenye chuma chenye springi, lakini ingekula sentimita 15 na kampuni ilikataa katakata. Nikamuuliza kaka wa Bukavu tufanye nini. Akasema kishindo kinazimwa kinapozaliwa.

Basi nikapika mandazi, nikapanda juu, nikabisha hodi. Yule mama ni mdogo wangu kwa umri, yuko peke yake na mtoto, hakujua kabisa kwamba nalala mchana. Alishika mdomo. Nikamwambia sikuja kushtaki. Nikanunua zulia la ukumbini kwake, na chini yake tandiko zito la sufu iliyoshindiliwa, milimita 9, euro 95. Nilijilipia mwenyewe, ndiyo, na najua mtasema mjinga. Lile zulia la euro 95 lilinipa usingizi kuliko ukuta wa euro 1,040. Mtoto bado anakimbia, lakini sasa nasikia kama anakimbia mchangani.

Hayo ni ya nyumba yangu, kila nyumba ina tabia yake, usichukue vipimo vyangu ukajenge bila fundi kuangalia. Lakini kwa ndugu zangu wa nyumbani naona shida yenu mara nyingi si hii. Nyinyi ukuta mnao, tofali la inchi sita lenye plasta pande zote ni zito, linazuia vizuri. Sauti inapita juu. Kuta za vyumba zinaishia kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na juu ya silingi bodi ni uwazi mmoja wa nyumba nzima. Mpangaji wa chumba cha mwisho akikohoa, kikohozi kinapanda, kinatembea chini ya bati, kinashuka kwako. Na madirisha ya vioo vya kupandana, na matundu ya hewa juu ya mlango. Kabla hujanunua sponji moja, panda juu na tochi uone ukuta umeishia wapi. Mwenye studio, ziba hapo kwanza, kisha mlango wa mbao nzito wenye mpira pembezoni. Na usizibe mpaka ukakosa hewa, na jenereta usiiweke karibu na dirisha, moshi wake ukiingia chumbani unaua.

Mvua kwenye bati ni kishindo vile vile. Silingi bodi nyepesi inasaidia kidogo, nzito yenye pamba juu yake inasaidia zaidi.

Nasema hivi kwa sababu ya mama yangu. Chumba chake pale Tanga kimepakana na wapangaji, vijana wazuri, lakini wanarudi usiku na redio, na mama presha inampanda asipolala. Miaka yote nilimtumia hela za dawa, sikuwahi kufikiria ukuta. Juzi nilimpigia kaka yangu video, nikamwomba apande juu ya dari na tochi. Ukuta wa mama unaishia mstari mmoja juu ya linta, kisha ni giza tupu mpaka kwa vijana. Inahitajika mistari mitano ya tofali mpaka kwenye bati. Fundi amekubali, anaanza Jumatatu.