Kuku wa sufuria ndogo

Masheikh, mapadri, wachungaji, wazee wangu: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mmeona? Zote mbili mmeitikia ukumbi mzima. Hapo ndipo tunapojidanganya. Tunajua kuitikia, basi tunadhani tunajuana.

Februari 2013, Buseresere, Geita, mchungaji aliuawa kwenye ugomvi wa kuchinja. Hawakugombania Utatu wala Utume. Waligombania nani ashike kisu cha nyama ya buchani. Na salamu hizi mbili Buseresere zilikuwapo.

Sasa kuna bwana mmoja, namwona mstari wa tatu, kila mwaka huniambia, "Mwalimu, hayo ni ya wanasiasa." Haya. Jikoni kwangu aliingia mwanasiasa gani?

Namwoza binti yangu. Kaka yangu, mlokole wa moto, akasema ng'ombe tutachinja wenyewe, Waislamu wapikiwe kuku pembeni. Nikaona heshima imepatikana. Akaja jirani yangu, mzee tuliyeazimana ngazi na chumvi miaka kumi na tisa, kanzu imepigwa pasi, mchango wake alishatoa. Kijana wa kugawa chakula akapaza sauti: "Mzee, Waislamu kule, sufuria ndogo!" Watu wote wakageuka. Mzee akanywa soda moja, akasema ameshiba.

Asubuhi nikaenda kuomba radhi. Nikajitetea kwa yule kuku. Akaniuliza taratibu, "Kuku alichinjwa na nani?" Nikakaa kimya. Kuku naye alichinjwa na kaka! Na ile sufuria, ukweli wa Mungu, wiki moja kabla ya harusi ilipikiwa kitimoto. Tulitenga sufuria, mtu wa kumuuliza mzee hakuwapo.

Serikali iliacha kuuliza dini kwenye sensa baada ya ile ya 1967, kwa sababu zake, sizipingi. Lakini sisi nani alitukataza kuulizana uani?

Nasikia minong'ono: kwa hiyo kisu chote wapewe Waislamu? Sijasema. Wakristo, kasomeni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8, Paulo anavyohangaika na nyama kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake. Masheikh, Al-Maida aya ya 5 mnaijua, chakula cha waliopewa Kitabu. Najua mnaifasiri kwa namna mbalimbali. Basi fasirini mbele yetu, mbishane, na sisi tusikie! Mkifungiana ofisini mkatoka na tamko lenye mihuri, kijana wa sufuria halisomi.

Nilikuwa na mengine ya kusema: nilikuwa na ya vipaza sauti, nilikuwa na ya vipindi vya dini mashuleni, nilikuwa na ya ndoa za dini mbili, ambazo peke yake ni siku nzima. Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwaka jana pia alinionyesha.

Na harufu ya pilau naisikia. Aliyesimamia jikoni yuko wapi? Njoo mbele, mama, usiogope. Tuna swali.