Tukianza na Barabara

Asanteni. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na kuna mtu kule nyuma ameshaanza kucheka. Cheka tu. Leo ninyi mnajaza fomu za kuchagua mahali pa kusomea ubingwa, na kila anayenifuata kwenye korido ananiuliza jambo moja: hospitali ipi ina jina? Hakuna aliyeniuliza atalala wapi. Mimi nawaambia: fikirieni mji wa kati kabla ya jiji kubwa.

Mfumo huu wa mafunzo ya ubingwa, daktari wa upasuaji Mmarekani, William Halsted, aliuanzisha hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1889. Vijana wake waliishi hospitalini kabisa, ndiyo maana Wamarekani mpaka leo wanamwita daktari wa namna hiyo "resident", yaani mkazi. Halsted mwenyewe alikuwa mraibu, kwanza wa kokeini kisha mofini, kwa hiyo msiniambie ratiba zile zilipangwa na mtu aliyejua uchovu wa kawaida. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: daktari wake alitoka wodini akaingia kitandani. Sisi tulibaki na zamu zile zile, kitanda tukakihamishia upande wa pili wa jiji.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa kwenye jiji kubwa, lenye hospitali kubwa na jina kubwa. Nilitoka zamu ya saa 28. Nikafika kwenye taa za barabarani, nikasimama, mguu kwenye breki. Kilichoniamsha ni mtu anayegonga kioo. Nyuma yangu foleni inapiga honi, na sikujua taa zimegeuka kijani mara ngapi. Nilijiandaa kutukanwa. Yule bwana akaona koti jeupe kwenye kiti cha abiria, akasema, "Pole, daktari." Afadhali angenitukana.

Nikapangusa uso, ndipo nikaona kiganja changu kimeandikwa kwa kalamu: 14, K 6.1. Kitanda namba 14, potasiamu 6.1. Mnajua potasiamu iliyopanda hivyo kwenye damu inavyoweza kuusimamisha moyo. Niliandika alfajiri ili nisisahau kuikabidhi, na sikuikabidhi. Nilikuwa umbali wa zaidi ya saa nzima kutoka wodini. Nikapiga simu mikono ikitetemeka. Mwenzangu alikuwa ameshaliona jibu la maabara na mgonjwa ameshaanza kalisiamu ya kuulinda moyo. Akaniuliza kwa nini nalia.

Najua mtakachosema: basi tatizo ni zamu, si jiji. Sawa, na zamu nimezipigia kelele miaka mingi. Marekani waliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki mwaka 2003, Umoja wa Ulaya wanasema 48. Nitajieni sheria moja inayohesabu saa za barabarani. Hesabuni wenyewe: dakika 80 kwenda, 80 kurudi, siku sita, ni saa 16 kwa wiki. Kwenye mji wa kati, robo saa kwenda na robo saa kurudi, ni saa tatu. Zinabaki 13. Kwa wiki 48 na miaka minne ni karibu saa 2,500. Na si saa tupu za kuchoka: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2005 uliona madaktari wa mwaka wa kwanza wanaotoka zamu ndefu wana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata ajali ya gari kuliko wanapotoka zamu ya kawaida.

"Lakini kwenye jiji kubwa ndiko ziliko kesi." Ziko, nani kazikana? Swali ni nani anayeshika kisu. Pale nilipokuwa, mbele yangu kwenye meza ya upasuaji kulikuwa na bingwa, bingwa mbobezi na anayesomea ubobezi. Mimi nilishika ndoano ya kuvutia ini, na ini nililivuta vizuri sana. Nilipohamia mji wa kati, hospitali ya rufaa ni moja, kila kitu cha ukanda ule kinaingia mlango ule ule, na saa nane usiku bingwa ananiambia anza, nipo nyuma yako. Tena, Mayo Clinic, hospitali yenye jina kubwa Marekani, iko Rochester, Minnesota, mji wa watu laki moja na ushee, na inafundisha mabingwa rasmi tangu 1915. Hilo nalisema kwa ajili ya wazazi wenu.

Ubaya upo, nisiwadanganye. Utajulikana. Mtu niliyemfanyia henia alinifungulia shati kwenye foleni ya benki ili niangalie kovu, na lilikuwa limepona safi, nikafurahi, lakini foleni nzima ililikagua pamoja nami. Magonjwa adimu utayafuata kwingine kwa miezi kadhaa. Ulizieni kabla ya kusaini. Ukigombana na bingwa wako, hakuna hospitali ya pili ya kukimbilia. Na kazi ya mwenza wako... hili lilistahili nusu ya muda wangu na mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi nendeni mkapime. Siku ya usaili, fikeni mapema, tembeeni kwa miguu kutoka lango la dharura hadi chumba mnachofikiria kupanga, saa ile zamu ya usiku inapotoka. Yule dada mwenye daftari, mkono wako uko juu tangu nilipoanza zile hesabu. Nimekosea wapi?